Siku Arobaini za Mwizi: Uhakiki wa Filamu ya "L.A. Takedown"

1. Utangulizi

Huenda baadhi ya wasomaji wa jarida hili wakashangaa kuona kurasa zake zikitolewa kwa filamu ya polisi na majambazi. Wachungaji wengi huzihesabu filamu za namna hiyo kuwa upuuzi unaopoteza muda wa vijana, na kwa filamu nyingi hukumu hiyo ni ya haki. Walakini mhubiri anayetaka kujua washarika wake wanafikiri nini juu ya dhambi, adhabu na kifo, hana budi kujua wanatazama nini jioni. Katika Tarafa ya Idodi, kando ya barabara itokayo Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kijana aliyepokea Kipaimara asubuhi ya Jumapili huweza kuketi jioni yake katika kibanda cha video, au siku hizi mbele ya simu ya mwenzake, akitazama jinsi mpelelezi anavyomwandama mnyang'anyi, huku msimuliaji akimfafanulia mambo kwa Kiswahili. Wasimuliaji hao, ambao miongoni mwao jina la Lufufu limejulikana sana nchini, hawatafsiri maneno tu. Hutoa hukumu pia: huyu ni mwema, yule ni mbaya, na huyu hapa siku zake zimekwisha. Hayo nayo ni mahubiri, na mahubiri hayo yanastahili kujibiwa.

Makala hii inachunguza filamu moja ya televisheni, L.A. Takedown ya mwaka 1989, pamoja na ile iliyozaliwa nayo, Heat ya mwaka 1995. Hoja yangu ni hii: hadithi hii inafanya jambo jema ambalo mitaa yetu hulifanya kwa nadra, yaani inamkalisha mnyang'anyi mezani na kumtazama usoni kama mtu. Lakini ikiisha kumpa kiti, inamnyima muda. Inaamini kwa moyo wote methali yetu isemayo kwamba siku za mwizi ni arobaini, na inaifahamu jinsi mitaa yetu inavyoifahamu, yaani kwamba siku ya arobaini ni siku ya kufa. Injili nayo inazijua siku arobaini, lakini inazihesabu kwa namna nyingine.

2. Filamu na chanzo chake

L.A. Takedown iliandikwa na kuongozwa na Mmarekani Michael Mann, ikaonyeshwa na shirika la televisheni la NBC tarehe 27 Agosti 1989. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni. Vituo vya kwanza vya Bara vilianza mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na chake tangu miaka ya 1970. Mann alikuwa na mswada mrefu aliokaa nao kwa miaka kadhaa. Ili uingie katika muda wa televisheni akaukata sana, na filamu yote ikapigwa kwa muda wa siku 19 tu. Ilikusudiwa kuwa mwanzo wa mfululizo, lakini mfululizo huo haukutokea. Miaka sita baadaye Mann akaichukua hadithi ileile, akaitengeneza upya kwa fedha nyingi, akiwapa nafasi kuu Al Pacino na Robert De Niro. Hiyo ndiyo Heat, filamu ya karibu saa tatu.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Katika mji wa Los Angeles, kundi la wanyang'anyi hodari linaloongozwa na Patrick McLaren linavamia gari la kusafirishia mali. Mtu mpya katika kundi, aitwaye Waingro, anaua pasipo sababu, na hivyo wizi unageuka kuwa mauaji. Mpelelezi Vincent Hanna anaanza kuwafuatilia. Ndoa yake inayumba kwa kuwa moyo wake uko kazini usiku na mchana. Patrick kwa upande wake amempata mwanamke aitwaye Eady, naye anatamani kuondoka naye na kuacha maisha ya wizi baada ya kazi moja ya mwisho. Kazi hiyo ni benki, nayo inaishia kwa risasi barabarani. Patrick ana nafasi ya kukimbia, lakini anageuka nyuma ili amlipize kisasi Waingro, na kugeuka huko ndiko kunakomwua.

Kisa hiki hakikutoka katika mawazo matupu. Chuck Adamson, aliyekuwa mpelelezi wa polisi mjini Chicago na baadaye mshauri wa Mann, alimfuatilia mnyang'anyi aitwaye Neil McCauley, mtu aliyewahi kufungwa katika gereza la Alcatraz. Siku moja walikutana, wakaenda kunywa kahawa pamoja, wakazungumza kama watu wanaoheshimiana. Mwaka 1964 Adamson alimwua McCauley katika tukio la wizi. Katika Heat mnyang'anyi amepewa jina hilohilo la Neil McCauley.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya Marekani tu. Nairobi ya miaka ya 1970 na 1980 ilimjua Patrick Shaw, askari polisi wa akiba aliyewaandama majambazi mpaka jina lake likawa tishio, na ambaye wakati huohuo alihudumu katika shule ya Starehe iliyolea watoto wa maskini. Mtu mmoja aliweza kuwa mlezi wa wavulana na mwindaji wa majambazi, na baadhi ya majambazi hao walikuwa wavulana waliokosa mlezi.

3. Meza ya kahawa

Kiini cha filamu zote mbili ni mazungumzo ya mezani. Mpelelezi na mnyang'anyi, ambao kila mmoja amekuwa akimchunguza mwenzake kwa mbali, wanakutana ana kwa ana, na mpelelezi anamkaribisha mwenzake kahawa. Hakuna pingu wala bunduki iliyotolewa. Wanazungumza juu ya wanawake wao, uchovu wao na kazi yao. Kila mmoja anakiri kwamba hajui kuishi kwa namna nyingine. Kila mmoja anamwambia mwenzake wazi kwamba siku ikifika hatasita kumwua. Kisha wanaachana.

Kwa upande wa sanaa, L.A. Takedown ni nyembamba. Waigizaji wake, Scott Plank na Alex McArthur, wanasema maneno mazito kwa haraka, kana kwamba saa ya kipindi inawasukuma. Lakini katika wembamba huo mifupa ya hadithi inaonekana vizuri, na hata hapa tukio la mezani lina nguvu. Tumezoea hadithi za upelelezi ambazo ndani yake mhalifu ni fumbo la kufumbuliwa. Ndivyo ilivyo katika riwaya nyingi za Kiswahili tangu Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965: msomaji anauliza ni nani aliyefanya, na akiisha kujulikana kitabu kinafungwa. Mann hafichi aliyefanya. Anauliza swali gumu zaidi, yaani mtu huyu ni nani.

Mwanatheolojia wa Kilutheri hawezi kupita hapa bila kusimama. Mwaka 1526 Martin Luther aliandika kijitabu juu ya swali kwamba askari nao waweza kuokolewa. Jibu lake lilisimama juu ya kupambanua kazi na mtu aifanyaye. Kazi ya upanga yaweza kuwa njema, kwa kuwa Mungu ameiweka ili kuwalinda wanyonge. Mtu anayeishika upanga huo aweza kuwa mwovu, naye atahukumiwa kama mtu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika Kifungu cha 16, linafundisha vivyo hivyo kwamba Mkristo aweza kuwa mtawala au hakimu na kuwaadhibu waovu pasipo dhambi. Basi Vincent anapomkamata mnyang'anyi anafanya kazi njema ya Mungu (Rum. 13:4), wala meza ya kahawa haiifuti kazi hiyo.

Lakini tazama wanachokiri watu hawa wawili. Hawasemi kwamba wana kazi. Wanasema kwamba wao ni kazi yao. Upambanuzi ule wa Luther umetoweka. Ndani ya Vincent hakubaki mume, jirani wala mtoto wa Mungu, bali mpelelezi mtupu. Ndani ya Patrick hakubaki mtu anayeweza kuitwa kwa jina lake na kuambiwa atoke. Filamu inatutaka tuustahi uaminifu wao huo kwa kazi. Sisi twapaswa kuuita kwa jina lake la kale, yaani ibada ya sanamu. Kazi iliyokwisha kuwa mungu haimwachi mtumishi wake aondoke, iwe ni ya polisi, ya wizi au hata ya uchungaji. Mke wa Vincent, anayeachwa peke yake mezani nyumbani, angeeleweka vizuri sana katika nyumba nyingi za wachungaji.

4. Siku arobaini

Mnyang'anyi wa hadithi hii ana kanuni moja: mtu asishikamane na kitu chochote asichoweza kukiacha katika nusu dakika, polisi wakitokea. Ndiyo kanuni inayomfanya awe hodari, na ndiyo inayomfanya awe mfu kabla ya kufa. Anapompata Eady, kanuni hiyo inatikisika. Kwa mara ya kwanza anao mtu ambaye hataki kumwacha. Hapo mtazamaji anaanza kutumaini.

Katika Heat, wale wawili wanasimuliana ndoto zao pale mezani. Mpelelezi huota meza kubwa ya karamu, na pande zote wameketi watu waliouawa katika kesi alizozishughulikia, wakimtazama kimya. Mnyang'anyi huota kwamba anazama majini, naye mwenyewe anaifasiri ndoto yake: ni habari ya muda, kama atakuwa na muda wa kutosha. Hapa Mann amegusa jambo la kweli kuliko pengine alivyojua. Mmoja anaota meza, mwingine anaota muda; na hayo mawili, meza na muda, ndiyo ambayo Yesu aliwapa watoza ushuru na wenye dhambi.

Hata hivyo filamu haina muda wa kutoa. Inapofika saa ya kuchagua, Patrick anageuka nyuma kwa ajili ya kisasi, na muziki, taa na usiku vyote vinatuambia kwamba isingekuwa vinginevyo. Filamu inayaita hayo majaaliwa. Mtazamaji wa Idodi anayatambua mara moja, kwa maana msimuliaji anayo methali tayari: arobaini zake zimefika.

Nimeitazama hadithi hii pamoja na vijana wa usharika katika eneo la Idodi. Ilipokwisha, mmoja wao aliuliza, "Mchungaji, kama yule askari alikuwa amempenda, kwa nini hakumwambia aache?" Ni swali la mtoto wa Kipaimara, na wahakiki wengi hawakuliuliza. Kwa kweli pale mezani mpelelezi anamgusia mwenzake habari ya maisha ya kawaida, lakini kama mtu azungumzaye juu ya nchi ya mbali ambayo yeye mwenyewe hajafika. Hawezi kumwalika mwingine kwenye nyumba asiyokuwa nayo.

Sasa tufungue Maandiko. Nabii Yona alitumwa Ninawi, mji uliojaa udhalimu, atangaze kwamba baada ya siku arobaini mji utaangamizwa (Yon. 3:4). Yona aliifahamu hesabu hiyo kama mitaa yetu inavyoifahamu: siku arobaini, kisha mwisho. Lakini watu wa Ninawi walizifahamu kuwa muda waliopewa. Wakatubu, mfalme akaketi majivuni, na Mungu akaghairi mabaya aliyosema atawatenda. Ndipo Yona akakasirika, akatoka nje ya mji, akajifanyia kibanda, akaketi kivulini ili aone mji utakuwaje (Yon. 4:5). Ndugu wahubiri, kibanda hicho twakijua. Kila tunapoketi kutazama mwisho wa mwovu kwa hamu, na kuudhika iwapo mwisho hauji, tumeketi katika kibanda cha Yona.

Mtu aweza kupinga akisema kwamba filamu inasema kweli tu: majambazi hufa kwa risasi, ndivyo ulimwengu ulivyo. Ni kweli kwamba wengi hufa hivyo. Lakini si kweli kwamba hapana budi wafe hivyo. Mkenya John Kiriamiti alikuwa mnyang'anyi wa mabenki. Mwaka 1971 alihukumiwa miaka 20 jela. Akiwa mfungwa aliandika habari za maisha yake ya uhalifu, na kitabu chake, My Life in Crime, kikachapishwa mwaka 1984 na kusomwa kote Afrika ya Mashariki. Akatoka gerezani, akaishi kama mwandishi. Arobaini zake zilifika kama za wengine: alikamatwa, akahukumiwa, akafungwa. Ila siku ya arobaini haikuwa kaburi. Habari kama hiyo ni ya kweli sawasawa na habari ya McCauley wa Chicago, lakini hatukuizoea kuiona ikitiwa muziki.

5. Nani aliyeua?

Mwisho wa filamu hizi mbili unatofautiana, na tofauti hiyo ina uzito wa kitheolojia. Katika L.A. Takedown siye mpelelezi anayemwua Patrick. Anayemwua ni Waingro, yule mwovu kuliko wote. Kisha Vincent anamwua Waingro. Kwa njia hiyo televisheni imemtunza shujaa wake. Alikunywa kahawa na mtu, mtu huyo akafa, na mikono ya shujaa imebaki safi. Katika Heat Mann alisahihisha jambo hili. Vincent mwenyewe anampiga risasi Neil usiku karibu na uwanja wa ndege, kisha anasimama karibu naye akiwa ameushika mkono wake mpaka anakufa. Mwisho huu ni mkali zaidi, nao una ukweli zaidi. Anayeua anapaswa kumjua aliyemwua.

Sisi nasi tunayo namna yetu ya kutunza mikono. Magazeti yetu huandika kwamba mtuhumiwa wa wizi ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Wananchi hao hawana majina. Hakuna aliyerusha jiwe la kwanza wala la mwisho, hakuna aliyeleta tairi wala aliyewasha kiberiti. Lakini wengi wetu tumewahi kuzika mtu wa namna hiyo, au tumeombwa tusimzike, na twajua kwamba miongoni mwa wenye hasira kali walikuwamo waimbaji wa kwaya. Sauti moja ya "Mwizi!" sokoni yatosha kuziondoa Amri mbili kwa pamoja: ya Nane, inayotutaka kumnenea jirani mema na kutafsiri mambo yake kwa uzuri, na ya Tano, inayokataza kuua.

Yafaa tukumbuke kwamba hata Torati, ambayo watu huidhania kuwa haina huruma, iliweka mpaka hapa. Mwizi akipatikana akivunja nyumba usiku na kupigwa hata afe, hakuna hatia ya damu, lakini jua likiisha kumchomozea, damu yake inadaiwa (Kut. 22:2-3). Kujilinda gizani ni jambo moja, na kumwua mtu aliyekwisha kukamatwa mchana kweupe ni jambo lingine. Hapo si tena hukumu juu ya wizi bali ni mauaji. Serikali imeweka adhabu zake. Kwa unyang'anyi wa kutumia silaha sheria ya Tanzania inaagiza kifungo kisichopungua miaka 30. Ni adhabu nzito mno, lakini ndani yake mtu yu hai, na anayeishi aweza kusikia Neno.

Aidha, Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, ikiifafanua Amri ya Saba, inatukumbusha kwamba wezi wakubwa hawavunji masanduku usiku. Wao huketi vitini na kuitwa waheshimiwa, huku wezi wadogo wakinyongwa. Kibanda cha video hakituonyeshi wezi hao, wala umati wa sokoni hauwakimbilii kwa mawe. Hasira yetu kali humchagua yule asiye na viatu.

6. Mwizi anaporudi nyumbani

Katika Heat yumo mtu mmoja mdogo ambaye hakupewa nafasi katika filamu ya televisheni. Anaitwa Breedan. Ametoka gerezani, naye ameamua kuacha wizi. Mke wake anajivunia uamuzi huo. Anapata kazi jikoni katika mkahawa, na mwenye mkahawa, akijua kwamba mfungwa huyu hana pa kwenda kulalamika, anamtumikisha kwa dharau na kumkata sehemu ya ujira wake. Siku moja McCauley anaingia mkahawani akihitaji dereva kwa siku hiyohiyo. Breedan anafikiri kidogo, anaiacha kazi yake palepale, na kabla jioni haijafika amekufa.

Kwangu mimi huyu ndiye mtu muhimu kuliko wote katika hadithi. Vincent na Neil hawakujaribu kamwe kugeuka. Breedan aligeuka, lakini alipofika mahali pa kuanzia hakukuta kiti. Mtume Paulo anasema kwamba mwibaji asiibe tena, bali afanye kazi kwa mikono yake ili awe na kitu cha kumgawia mhitaji (Efe. 4:28). Maneno hayo hudhani kwamba kuna mtu atakayempa kazi, na kwamba ujira wake atalipwa. Kuhubiri toba kwa mwizi bila kumwandalia kiti ni kumrudisha kwa McCauley. Sharika zetu zina utaratibu wa kumrudisha kundini mtu aliyetengwa: anasimama mbele ya washarika, anaungama, anapokewa. Lakini Jumatatu yake ikoje? Ni mzee gani wa kanisa anayempa shamba la mpunga la kupalilia, au kumwachia ufunguo wa ghala? Paulo alipomwombea Onesimo aliandika kwa mkono wake kwamba deni lote lihesabiwe juu yake (Flm. 18-19). Huo ndio upokeaji wenye gharama.

7. Idodi na Meza ya Bwana

Hadithi ya mwindaji na mwindwa wanaofahamiana si ngeni kwa Idodi. Mwaka uleule wa 1964 ambao McCauley aliuawa Chicago, Ruaha ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Vijiji vya Idodi na Pawaga vinapakana na nchi ya wanyama, na tangu miaka ya 1990 vimeshirikiana katika MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, vikiwa na askari wao wa wanyamapori waliotoka vijijini humo humo. Uwindaji ambao babu zao waliuhesabu kuwa kazi ya heshima, sheria inauhesabu kuwa ujangili kama hauna kibali. Askari wa kijiji humfuata porini mtu ambaye huenda walisoma naye darasa moja, pengine ni shemeji yake. Hawahitaji kualikana kahawa ili wajuane. Na yawezekana kabisa kwamba Jumapili watapiga magoti pamoja mbele ya altare ileile, wakanywea kikombe kimoja.

Hapa ndipo tofauti kati ya meza ya Mann na Meza ya Bwana inapoonekana. Kwenye meza ya kahawa watu wawili wanafahamiana, kisha wanaondoka kama walivyokuja. Kwenye Meza ya Bwana yuko wa tatu, ambaye mwenyewe alihesabiwa pamoja na wahalifu na kusulibiwa kati ya wanyang'anyi wawili, na aliyempa mmoja wao ahadi wakati zilipobaki saa chache tu (Lk. 23:39-43). Kwa mtu yule siku ya arobaini ilikwisha kufika, na bado haikuwa imechelewa. Askari hainuki pale akiwa ameacha kazi yake; kesho atamkamata jangili kama sheria inavyotaka. Jangili hainuki akiwa ameruhusiwa kurudi porini. Lakini kila mmoja anainuka akiwa zaidi ya kazi yake, kwa kuwa ameitwa kwa jina na kuambiwa kwamba mwili na damu vilitolewa kwa ajili yake.

Hata hivyo tusiwasahau wale ambao L.A. Takedown imewasahau upesi. Walinzi waliouawa mwanzoni mwa hadithi wana wajane, na filamu haiingii nyumbani mwao. Ndoto ya mpelelezi katika Heat inawarudisha kidogo, wakiwa wameketi kimya. Rehema inayohubiriwa kwa mwizi mbele ya mjane aliyeibiwa mbuzi wake wote, bila neno lolote kwa mjane huyo, ni dhuluma ya pili. Zakayo alipompokea Yesu nyumbani mwake hakuishia kwenye machozi, alisimama akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa aliowadhulumu malipo mara nne (Lk. 19:8). Wokovu uliingia nyumba ile, na mali za watu zikatoka. Mchungaji anayemrudisha mwizi kundini na amwulize habari ya mbuzi.

8. Hitimisho

Je, filamu hii yafaa kutazamwa? Kwa maoni yangu yafaa, kwa watu wazima na vijana waliokomaa, na mtu akiwa na nafasi ya moja tu, achague Heat. Kwa maana L.A. Takedown ni ramani ya nyumba ambayo Heat ndiyo nyumba yenyewe. Ina ukatili, na wizi ndani yake umepambwa kwa ustadi na mavazi mazuri, jambo ambalo kiongozi wa vijana hana budi kulisema wazi. Mwalimu wa Kipaimara anayefundisha Amri ya Tano na ya Saba aweza kuisimamisha pale mezani, kabla ya watu wale wawili kuachana, na kuwauliza wanafunzi wake ni neno gani lililokosekana katika mazungumzo yale. Kisha awapeleke kwa Breedan jikoni, na kuwauliza ni nani katika kijiji chao angempa kazi.

Methali yetu haina kosa katika hesabu. Siku za mwizi ni arobaini kweli. Hakuna dhambi isiyofikiwa na siku yake, wala kanisa halina ruhusa ya kumdanganya mwizi kwamba hatakamatwa. Lakini kati ya siku ya kwanza na ya arobaini ziko siku thelathini na nane, na katika siku hizo mahubiri, ziara ya gerezani, kibarua cha halali na kiti mezani vyote vyawezekana. Siku hizo ndizo alizokabidhiwa Yona, akazichukia. Nasi tumekabidhiwa hizohizo.